Jasho la Bosire

Jumanne, 18 Machi 2025

Mvua ya masika imeingia leo saa nane mchana, na mawe yake. Chai ya bondeni imechanika majani kama iliyochapwa fimbo. Naandika kwenye daftari la mwanangu Ian la Kidato cha Nne, kurasa za nyuma aliziacha safi. Naandika Kiswahili kwa sababu katika nyumba hii Ekegusii kina masikio. Mama mkwe Kiswahili chake ni cha sokoni, kusoma hawezi. Tena nikiandika Kiswahili nakuwa kama mgeni kidogo, na mgeni husema ukweli kuliko mwenyeji.

Mume wangu Bosire anaugua, leo siku ya tisa. Kliniki walisema ni brusela, homa ya maziwa ambayo hayakuchemka. Vidonge asubuhi na jioni, wiki sita. Yule daktari kijana akaniambia, "Mama, atatoka jasho jingi, usishtuke."

Nimeshtuka.

Alhamisi, 20 Machi

Kitanda tumekihamishia sebuleni. Mama mkwe, Nyanchoka, hawezi kuingia chumba anacholala mwanawe na mkewe, heshima yetu hairuhusu. Sasa anaketi naye kutwa, fimbo katikati ya magoti. Mimi napita na masufuria.

Ijumaa, 21 Machi

Chai kilo kumi na moja. Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimeona kitu, na afadhali nikiandike nisije nikakiona tena usingizini.

Asubuhi Bosire alikuwa mkavu. Dada yake Edinah amekuja kutoka Nyanchwa kutusaidia, na ulimi wake amekuja nao. Alikuwa akimwambia, "Wewe si mgonjwa, unakimbia jembe tu," naye Bosire akacheka mpaka akashika mbavu. Nikaenda kuchuma. Saa tisa nikarudi kutoka kituo cha chai, nikaingia na kikombe cha uji. Sikuwa nimefika kitandani. Nilikuwa hatua mbili ndani ya mlango. Paji la uso wake likaanza kung'aa, kisha shingo, kisha fulana ikashika kifua kama mtu aliyetoka mtoni.

Nikaweka kikombe juu ya meza nikatoka. Nikasimama chini ya paa la jikoni. Baada ya muda Edinah akaniita, "Wifi, amepoa, leta shuka nyingine."

Nilipoitandaza ile shuka kwenye kamba, jasho lilikuwa limechora mtu. Mabega, mgongo, miguu. Nikalinganisha na Bosire ninayemjua. Yule wa kwenye shuka alikuwa mrefu zaidi.

Jumanne, 25 Machi

Saa tisa tena. Mlangoni tena.

Jumatano, 26 Machi

Sitaki kuandika hili. Nimechuma, nimelisha ng'ombe, nimepika, nimeoga, nimemaliza kila kazi inayoweza kunizuia, na daftari bado liko hapa.

Kwetu kuna kitu kinaitwa amasangia. Mke akitoka nje ya ndoa, siku mume wake atakapougua, yule mke asimkaribie. Akikaribia, mgonjwa hutoka jasho, na jasho hilo ndilo humwondoa duniani. Mwanamume aliyekuwa naye pia, akiingia penye mgonjwa, ni yaleyale. Kanisani tunafundishwa kwamba huo ni ushirikina. Mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo akina mama wa chama cha Dorkasi, nimesimama mbele na Biblia mkononi.

Mwaka ule Bosire alikuwa Eldoret kwa kazi ya ujenzi, miaka sita imepita. Mwalimu Walter Anyona, anayefundisha kwaya yetu. Mara nne. Haya, nimeandika.

Jumapili, 30 Machi

Ukungu ulishuka mchana kutwa, ukaingia mpaka chini ya vitanda. Nilikuwa nampelekea Bosire ndizi za kuchemsha, nimekusudia kumpa Edinah mlangoni. Bosire akafungua macho. Hakuniangalia mimi. Aliangalia pembeni ya bega langu.

"Mama Ian," akasema, "mbona humkaribishi mgeni uliyekuja naye?"

"Mgeni yupi?"

"Huyo nyuma yako. Mwambie akae, amesimama siku nyingi."

Nyuma yangu kulikuwa na uwanja, na ukungu, na kuku mmoja. Mama mkwe akageuza kichwa polepole akatazama palepale. Kisha akanitazama mimi. Bosire alikuwa ameshalowa.

Sabato, 5 Aprili

Kwaya ilikuja baada ya ibada kumwimbia mgonjwa. Nilijua watakuja, na tangu Alhamisi nilikuwa nikiomba mvua iwazuie. Mvua ilikuja na wao wakaja.

Niliwaona wakipanda kutoka barabarani, miavuli ishirini, na yeye nyuma. Nikamkuta langoni wengine walipokwisha kupita. Hatujasimama karibu hivyo tangu ule mwaka.

"Usiingie," nikamwambia.

"Nilikuwa nataka kukuomba hilo," akasema. "Uniambie nisiingie, niwe na la kusema."

Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Ndipo likanijia jambo ambalo nimelibeba tangu mchana. Miaka sita tumeketi kanisa moja, tumekula meza moja ya Bwana, wala hatukuogopa. Leo tunaogopa mlango.

Waliingia wote, yeye akabaki barazani. Bosire akamwona kupitia mlango. "Mwalimu, ingia. Utalowa."

"Viatu vyangu vina matope, ndugu."

Edinah akadakia, "Hata sisi tuna matope, mwalimu. Au yako ni ya Ulaya?" Watu wakacheka. Mwalimu akacheka pia, akarudi nyuma hatua moja, mvua ikampata begani.

"Kwaya haiimbi bila mwalimu," Bosire akasema.

"Nitaimbia hapahapa. Sauti inafika."

Ikafika. Waliimba nyimbo tatu, na ile besi yake haikuwa ndani na wengine, ilitoka ukutani, nyuma ya kichwa cha Bosire, kana kwamba ni nyumba inayoimba. Bosire alitoka jasho wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na macho yake yalikuwa kwenye ukuta. Mimi nilikaa jikoni na chai ya wageni. Mama mkwe alimwangalia mtu wa barazani. Kisha akaangalia nje, jikoni, nilipokuwa. Nikaona anafika penye jibu.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna neno. Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Amenifuata kwenye chai. Mwanamke wa miaka themanini na mbili, mteremko ule, na utelezi. Akasimama kati ya mistari, chai ikimfika kifuani, akaanza kuchuma nami kama ambaye ametumwa. Mikono yake bado ina haraka kuliko yangu.

"Moka Bosire," akasema. Moka ni mke wa. Huniita hivyo akiwa na jambo. "Mimi nilizika watoto watatu. Huyu sitamzika."

"Mama, daktari alisema—"

"Daktari alisema ng'ombe. Ng'ombe anaingia sebuleni saa tisa?"

Akatupa majani kwenye kikapu changu.

"Sikuulizi ni nani. Jina lake limekataa kuvua viatu. Kuna mzee ng'ambo ya Kiogoro ana mzizi wa mambo haya. Unauweka chini ya kizingiti, unauruka mara tatu, basi. Bosire hajui, kanisa halijui, Edinah na mdomo wake hajui. Mwanangu anapona, wewe unabaki mke wake na shemasi wa kanisa lako. Mimi nitakufa na hilo neno tumboni."

Nilitegemea anichape kwa fimbo. Huruma yake ilinishinda kuliko fimbo. Nikalia hapo kwenye chai, naye akaendelea kuchuma, hakunigusa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeuruka. Mara tatu, saa nne asubuhi, Bosire akiwa amelala na Edinah akiwa kisimani. Ni mzizi mweusi mdogo kama kidole cha mtoto, umefungwa kwa uzi wa mgomba. Uko chini ya gunia la kufutia miguu. Nilikuwa nikisema Baba Yetu moyoni nikiruka, na sijui nilikuwa nikimwambia nani.

Jumanne, 15 Aprili

Saa tisa niliingia na uji. Nikafika kitandani. Nikakaa. Alikuwa mkavu.

Jumatano, 16 Aprili

Mkavu.

Ijumaa, 18 Aprili

Mkavu. Amekula ugali na kunde. Ameshika mkono wangu mbele ya mama yake, jambo ambalo hajafanya kwa miaka ishirini na minne. Mama mkwe akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Mzizi umefanya kazi. Ninapaswa kufurahi na nimefurahi. Lakini usiku nasikia gunia lile mlangoni, kama kitu kinachojigeuza. Najua gunia halijigeuzi.

Sabato, 26 Aprili

Vidonge vimekwisha jana, na leo Bosire ametembea mpaka kanisani, mkono kwa Edinah na mwavuli juu. Mwalimu Anyona hakuwepo. Watu wanasema ana safari.

Tuliporudi Bosire akaketi kitandani, uso umejaa raha. "Mama Ian, nimezungumza na mzee wa kanisa, Onchiri. Sabato ijayo utatoa ushuhuda. Jinsi ulivyoniombea. Mimi ningesema mwenyewe, lakini pumzi haitoshi. Wewe ndiye ulifunga, wewe ndiye ulikesha. Mungu amesikia sauti yako."

Nikasema ndiyo.

Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi. Kisu chake kikasimama.

Jumapili, 27 Aprili

Mchana kutwa nimeandaa ule ushuhuda kichwani, na unatoka vizuri, hilo ndilo linaloniogopesha. Nina maneno yote. Nimeyafanyia mazoezi miaka sita.

Tangu ule mwaka niliomba nipewe ushemasi. Nikapika mkate wa ushirika, nikafua vitambaa, nikaongoza Dorkasi, nikatembelea wagonjwa mpaka Tabaka kwa miguu. Watu wakasema dada Drusilla anakua katika Bwana. Leo nimeona nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa kama mtu anayerudi kinyumenyume na ufagio, akifuta nyayo zake. Huko si kukua. Ule mzizi na ushemasi wangu ni kitu kimoja, vyote viwili viliniahidi nipone bila kujulikana.

Nikisimama mbele Sabato ijayo, nitakuwa nimeuzika mzizi ule chini ya mimbari.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwambia.

Mama mkwe alikuwa ameenda kuota moto jikoni. Edinah alikuwa dukani. Nilisimama kwenye gunia, sikuingia.

"Baba Ian, ule ushuhuda siwezi kuutoa."

"Unaogopa watu?"

"Nakuogopa wewe."

Akacheka. "Mwenye kilo hizi? Hata kuku ananipita bila kuniangalia."

Sikucheka, na yeye akaacha. Nikasema. Eldoret. Mwalimu Anyona. Mara nne. Nilisema haraka na kwa sauti ndogo, kama mtu anayeagiza dawa. Kisha nikainama, nikainua gunia, nikamwonyesha mzizi.

"Na huu?" akasema.

"Na huu."

Akatazama baraza, pale mahali mtu alipokuwa amesimama na mwavuli. "Kumbe ndiyo yale matope," akasema.

Hapo nikaliona jasho likianza. Nililiona wazi, mchana, bila ukungu. Juu ya mdomo, kisha chini ya macho, kisha shingoni, likashuka likaloweka kola. Ni saa tano asubuhi, si saa yake. Nikajua nimemuua. Nilikuwa nimeushika mzizi, ningeweza kuurudisha chini na kuuruka. Mguu wangu ulitaka. Nilienda jikoni nikautia motoni mbele ya mama yake. Aliinua fimbo, akaishusha.

Niliporudi mlangoni Bosire alikuwa amegeukia ukuta.

"Toka, Mama Ian," akasema. "Usifunge mlango. Toka tu."

Ijumaa, 2 Mei

Nalala jikoni. Homa imerudi na nguvu zake. Edinah amempeleka kliniki, daktari akasema brusela hurudi, akampa wiki sita nyingine. Edinah hajui, au anajua. Ameacha kunitania.

Nimemwambia mzee Onchiri atafute mtu wa kupika mkate wa ushirika. Hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Basi utakuja uketi pamoja nasi, dada." Sijaketi tu kanisani tangu lini?

Jumapili, 11 Mei

Chai kilo tisa. Vidole vinauma kwa baridi.

Shuka ananipa Edinah mlangoni, nafua mimi. Bado zinachora mtu. Nimeacha kumpima.

Edinah anasema kaka yake bado anauliza nani amesimama mlangoni, na hakuna mtu. Sasa mimi niko jikoni, simletei tena huyo mgeni. Basi anakuja na nani?

Jumanne, 20 Mei

Mama mkwe amekuja jikoni, akaketi kwenye kigoda changu. "Ulikuwa na njia," akasema. "Niliifyeka mwenyewe. Ukaiacha ukapita miibani."

"Ndiyo, mama."

"Akifa?"

Nimeomba siku ishirini na mbili, na sijaomba asife bila kusikia ndani yangu sauti ya yule mwanamke aliyeruka mzizi. Juzi nilichoka kuomba vizuri. Nikasema tu, Bwana, niko hapa, unanijua. Nikalala. Nililala mpaka asubuhi kama mtoto, hali mume wangu anaungua hatua thelathini kutoka kwangu. Nimeona aibu, lakini nililala.

Mama mkwe akaondoka bila jibu. Kigodani ameacha blanketi lake.

Sabato, 31 Mei

Leo kanisa limekula meza ya Bwana. Kwetu, kabla ya mkate, tunaoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, na mume na mke wakitaka. Nilioshwa na dada mmoja wa Kiogoro ambaye simjui jina. Saa tisa mzee Onchiri akaja nyumbani na mkate na maji ya zabibu kwa ajili ya mgonjwa. Mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikilizani.

Nilipasha maji. Nikayapeleka kwenye beseni mpaka mlangoni, nikayaweka juu ya kizingiti, nikageuka.

"Mama Ian." Ni mara ya kwanza kuniita tangu Aprili. "Ingia."

Mzee Onchiri alikuwa amekunja mikono ya shati ili amwoshe. Bosire akamzuia. Akashusha miguu chini, akashika ukingo wa kitanda, akateremka magoti yakagonga sakafu. Hakukubali kushikwa. "Kaa," akaniambia, akaonyesha kitanda chake. Nikaliweka beseni chini, nikakaa mahali pake, penye joto lake. Miguu yangu ilikuwa na udongo wa uwanjani. Akausogeza ule wa kulia ndani ya beseni.

Lilikuja mara moja. Lilikuja kama lilivyokuja kila siku, paji, shingo, fulana. Lilidondoka puani kwake likaingia majini. Mkono wake ulikuwa wa moto kwenye kisigino changu, na nikavuta mguu. Akaushika.

"Baba Ian, niache. Unaona."

"Naona."

"Kama umenisamehe, basi imetosha, acha hapo."

"Sijakusamehe," akasema. Alisema bila hasira, akisugua udongo kati ya vidole. "Nimejaribu mwezi mzima, sijaweza. Naosha kwanza."

Mama yake alisimama kwa fimbo. Akasema kwa Ekegusii, sauti imepasuka, "Mwanangu, mwache huyo. Atakumaliza."

Bosire akafuta mguu wangu kwa taulo, akauweka juu ya goti lake. Alikuwa akitetemeka. Pumzi yake ilikuwa fupi. Mzee Onchiri alishika mkate, akasahau kwamba ameushika.

"Mama, subiri," akasema. "Bado mguu mmoja."

Jumapili, 1 Juni

Nimefua shuka. Zimelowa kama jana.

Saa tisa niliingia na uji. Akaanza kutoka jasho. Nikasimama na kikombe, naye akanitazama mimi, si pembeni ya bega.

"Uji unapoa," akasema.

Nikaketi. Jasho likaendelea, na mimi nikaendelea kukaa, mpaka uji ukaisha.